Fuzimiao kwa siku moja: kutoka Shanghai hadi ukingo wa Qinhuai, Nanjing, na kurudi usiku uleule

Kama unasoma Shanghai, Suzhou, Hangzhou au Hefei na umebakiwa na wikendi moja kabla pepa hazijaanza, nenda Nanjing, na ukifika huko usijitawanye mji mzima, komaa na sehemu moja tu, ile mitaa ya zamani ya pembeni ya mto Qinhuai ambayo kila mtu anaijua kwa jina la Fuzimiao. Najua wengi mmeshaenda. Unashuka metro saa nane mchana, unapiga selfi kwenye lile geti la mapambo, unanunua mshikaki wa bei ya ajabu, unasukumwa na watu kama lisaa hivi afu unarudi hosteli unasema ah, Fuzimiao ni soko la watalii tu. Na wala hujadanganya, ukiingilia upande ule ndo unachokiona.

Mi nashauri uingilie nyuma. Anzia kusini kwenye ukuta wa mji, asubuhi, halafu panda taratibu kwenda kaskazini, msikitini mchana, kwenye vyumba vya mitihani alasiri, na mto wenyewe uwe wa mwisho kabisa, taa zikianza kuwaka. Njia ni ya miguu karibu yote, haichoshi kihivyo, na metro mbili zinakusaidia, ya kwenda inakushusha upande wa ukuta na ya kurudi unaipandia palepale Fuzimiao. Naeleza kwa mtu anayetoka Shanghai maana wengi wetu tuko huku, wewe wa kwingine badilisha treni tu.

Kwanza kabisa: ruhusa, siku, na simu

Ruhusa nasema serious. Vyuo vingine mwanafunzi wa kigeni ukitoka nje ya mji hata kwa siku moja wanataka ujaze fomu ya qingjia (ya kuomba ruhusa) au angalau umtumie meseji mwalimu anayewasimamia, vingine hawana habari na wewe. Ulizia chuoni kwako kabla hujakata tiketi, hasa kama upo kwenye skolashipu, maana hakuna haja ya kuja kuitwa ofisini kwa ajili ya kwenda kuangalia mto. Uzuri wa kurudi siku hiyohiyo ni kwamba hulali hoteli, kwa hiyo ile shughuli ya kutafuta hoteli inayopokea pasipoti ya kigeni na kukuandikisha polisi haikuhusu.

Pasipoti original ubebe, siyo kopi wala picha kwenye simu. Ndiyo tiketi yako ya treni na milango mingi ya makumbusho wanaikagua. Kadi ya mwanafunzi pia, usiiache, itakurudishia hela hapo mbele.

Siku: kimbia wiki ya tarehe 1 hadi 7 Oktoba (likizo ya taifa), kimbia Mei Mosi, na kipindi cha mwaka mpya wa Kichina fikiria mara mbili. Pale Qinhuai kuna maonyesho ya taa ya mwaka mpya, yale ya siku ya 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda yao, ni mazuri mno lakini watu wanajaa mpaka polisi wanapanga mtembee upande mmoja tu, na hata metro wanaweza kupitisha bila kusimama kituo cha Fuzimiao. Jumatatu nayo makumbusho mengi China yanafungwa, kwa hiyo Jumanne hadi Alhamisi kama huna kipindi ni dhahabu, la sivyo Jumamosi lakini uwahi.

Hali ya hewa: Nanjing inahesabiwa kwenye "majiko matatu" ya bonde la Yangtze, yenyewe na Wuhan na Chongqing, na jina hilo hawakupewa kwa utani. Wewe unaweza ukasema mimi wa Tanga au Mombasa joto nalijua, sawa, lakini kule hakuna upepo wa bahari. Juni kuelekea Julai kuna mvua zile za mfululizo. Mwisho wa Oktoba na Novemba ndo muda wenyewe, au Machi na Aprili. Baridi ya Januari inaingia hadi kwenye mifupa, ila watu ni wachache na picha zinatoka safi.

Simu: apu ya Gaode kwa ramani (Google ramani zake huku ni mtihani hata ukiwa na VPN), Alipay au WeChat iwe imeshaunganishwa na kadi yako ya benki na imeshawahi kulipa kitu, siyo ukaijaribie kwenye foleni. Pawabanki. Na majina ya sehemu zote uyasevu kwa herufi za Kichina, ukimwonyesha mtu maandishi anakuelekeza kwa mkono fasta, ukitamka mwenyewe na toni zako zile mtakesha.

Treni

Kutoka Shanghai Hongqiao hadi Nanjing Kusini (Nanjingnan) ni kama kilomita 300, gaotie (treni ya kasi) inatumia lisaa limoja na kidogo hadi masaa mawili kutegemea inasimama vituo vingapi, daraja la pili ni karibu yuan 140 kwenda tu. Kata kwenye apu ya 12306, ile ya tiketi za treni, kwa pasipoti. Mara ya kwanza kujisajili inachukua muda wao kuhakiki, kwa hiyo fanya siku kadhaa kabla. Chukua ya saa moja asubuhi au saa moja na nusu, ili saa tatu na nusu uwe umeshakuwa mtaani.

Kama posho bado haijaingia kuna treni za zamani zile za K, siti ngumu, chini ya yuan 50, ila ni masaa matatu hadi manne na ndani kuna mzee anakula mbegu za alizeti safari nzima. Mi sioni ubaya, unajifunza Kichina bure. Shida yake ni moja tu, kwenda na kurudi siku moja inakula muda wote wa mto. Bora upande K kwenda, utoke alfajiri, halafu gaotie kurudi.

Angalia jina la stesheni kwenye tiketi. Kuna "Nanjing" na kuna "Nanjing Kusini", ni stesheni mbili tofauti na ziko mbali. Bahati nzuri zote mbili ziko kwenye metro laini ya 1 na laini ya 3, kwa hiyo ukishuka yoyote hujapotea, ila wakati wa kurudi ukienda isiyo yako basi treni utaiangalia kwenye simu ikiondoka.

Getini, ile mashine ya vitambulisho vya Wachina mara nyingi haisomi pasipoti, tafuta lango la pembeni lenye mhudumu. Asubuhi foleni ya ukaguzi wa mizigo Hongqiao ni ndefu, fika nusu saa kabla, na kama una kisu cha matunda kwenye begi kiache nyumbani.

Ukutani: lango la Zhonghua

Ukishuka Nanjing Kusini ingia metro laini ya 1, vituo vitano, shuka Zhonghuamen. Kwenye Alipay badilisha mji uwe Nanjing utapata QR ya kuskani, au nunua tiketi ya plastiki, ile kitu cha duara, nauli haifiki hata yuan 5. Toka nje utembee kwenda kaskazini kama robo saa. Kabla hujafika unavuka daraja, hayo maji chini ni tawi la nje la Qinhuai ambalo lilikuwa ndo handaki la kuulinda mji. Angalia mbele, lile dude la mawe na matofali lililoziba barabara ndo lenyewe.

Lango hili lilijengwa miaka ya 1366 hadi 1386, mwanzo wa nasaba ya Ming, Nanjing ikiwa ndo mji mkuu. Tiketi kama yuan 50, onyesha kadi ya mwanafunzi kwanza kabla hujaskani kulipa, mara nyingi nusu inakatwa. Ndani kuna milango minne imepangana na kati yake nyua tatu, na hapa simama uelewe walivyofikiria hawa watu, maana bila kuelewa ni ukuta tu: adui akivunja mlango wa kwanza anaingia kwenye uwanja mdogo, anakutana na mlango wa pili umefungwa, afu nyuma yake wanaangusha lango zito kutoka juu (mifereji ya kuteremshia ipo mpaka leo kwenye kuta, ipapase kwa mkono), basi kashabaki katikati na juu kote kuna wanajeshi. Pembeni kuna mahandaki 27 ya kufichia askari na chakula, wanasema watu 3,000 walikuwa wanaenea. Ingia kwenye moja uongee kidogo usikie sauti inavyorudi.

Halafu kitu ambacho watu wanapita bila kukiona. Sogelea matofali. Mengi yana maandishi yamegongwa ubavuni, na si mapambo, ni jina la wilaya tofali lilikotoka, jina la afisa msimamizi, hadi jina la aliyelichoma. Serikali ilikusanya matofali kutoka majimbo kibao kando ya Yangtze, na tofali likija bovu walikuwa wanajua kabisa waende kumkamata nani. Miaka 600 na ushee imepita, jina la fundi bado linasomeka. Nafikiria tungekuwa na utaratibu huo kwenye barabara zetu za lami aisee.

Panda juu kwa ile njia ya mteremko iliyokuwa ya farasi. Juu palikuwa na jengo, liliharibiwa mwaka 1937 Wajapani walipoushambulia mji, na upande huu wa kusini ndo mapigano yalikuwa makali. Yaliyofuata baada ya mji kuanguka Wachina hawajasahau na hawapendi mzaha juu yake, kwa hiyo picha za kuchezacheza punguza. Ule ukumbi wa kumbukumbu ya mauaji ya Nanjing uko sehemu nyingine ya mji, usijaribu kuuchomeka kwenye siku hii, unahitaji siku yake na moyo wake.

Ukuta wote ulikuwa kama kilomita 35, zimebaki kama 25, na kutoka hapa unaweza kutembea juu yake kidogo kuelekea mashariki ukiangalia mapaa meusi ya mtaa wa chini. Lisaa limoja na nusu hapa linatosha.

Shuka upande wa mashariki, ingia Laomendong. Ni vichochoro vya nyumba za zamani vilivyokarabatiwa, hakuna kiingilio, kahawa ni ghali. Pita, piga picha, endelea. Ukikuta meihuagao, ile keki ya moto inayomiminwa kwenye kikaango cha chuma chenye matundu ya umbo la ua, ndani maharage mekundu matamu na juu vidonge vidogo vya unga wa mchele, nunua moja ule ukitembea. Ngoja ipoe lakini, yale maharage yanaunguza ulimi vibaya.

Saa sita na nusu: msikiti wa Jingjue na chakula

Sasa hapa ndo pananifanya niandike huu mwongozo, na ni pale ambapo kundi zima la watalii halifiki. Fuata barabara ya Zhonghua kwenda kaskazini, unavuka tawi la ndani la Qinhuai, unafika Sanshanjie. Geuka kushoto barabara ya Shengzhou, hatua chache tu, kuna msikiti unaitwa Jingjue. Ukitafuta kuba na mnara kama wa kwetu hutauona, ni nyua za Kichina, mapaa yenye pembe zilizopinda juu, miti, kimya. Ulijengwa mwaka 1388 kwa amri ya kaisari wa kwanza wa Ming. Baadaye ukaungua, na mtu aliyeomba ruhusa kwa kaisari ili ujengwe upya mwaka 1430 ni Zheng He.

Zheng He kama hukumsikia kwenye historia ya shuleni: Mwislamu kutoka Yunnan, amezaliwa 1371, akawa mkuu wa merikebu za kaisari Yongle, akasafiri mara saba kati ya 1405 na 1433, India, Hormuz, Uarabuni, na merikebu zake zilifika mpaka kwetu, Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea kaisari twiga, na wakubwa wa ikulu wakamchukulia kama yule mnyama wa baraka wa kwenye hadithi zao. Merikebu nyingi zilijengwa hapahapa Nanjing. Kwa hiyo wewe mtoto wa pwani umesimama kwenye uwanja ambao mzee aliyeijua njia ya Malindi alikuwa anaushughulikia. Hiyo picha ndo ya kumtumia mama, achana na ya taa.

Kuingia: msalimie mzee wa getini kwa salamu, anaijua na anaipenda, vaa nguo ya heshima, dada beba mtandio. Kama si Mwislamu omba tu kwa adabu kuangalia uani, nje ya muda wa swala huwa hakuna neno, ila usiingie ukumbi wa swala na kamera mkononi. Kama ni Mwislamu adhuhuri yako imekaa palepale, udhu upo. Ijumaa utakutana na wanafunzi wa kila taifa.

Chakula ule maeneo haya haya kabla hujafika kwa watalii. Waislamu wa Kihui (kabila la Waislamu wa hapahapa China) wameishi mitaa hii miaka na miaka, tafuta kibao cha qingzhen (halali), herufi mbili ambazo ukikaa China unazijua kuliko jina lako. Agiza niurou guotie, maandazi ya nyama ya ng'ombe yanayokaangwa upande mmoja hadi chini panakuwa pakavu na juu panabaki laini, ni kitu cha Nanjing hasa. Uma kidogo pembeni unywe supu kwanza, ukiuma katikati itakurukia kwenye shati. Yuan 20 hadi 30 umeshiba.

Na bata. Watu wa Nanjing na bata ni hadithi ndefu, wa chumvi (yanshuiya) ndo maarufu, anauzwa baridi amekatwakatwa, na kuna maduka ya qingzhen yanayomuuza pia. Lakini chunga ile supu ya tambi utakayoiona kila kona, yaxue fensi tang, vile vipande vya kahawia vinavyofanana na maini ni damu ya bata iliyoganda. Usije ukaambiwa umeshamaliza bakuli.

Vyumba vya mitihani

Kutoka msikitini rudi mashariki kwa barabara ya Jiankang, kama robo saa hadi dakika 20, unaanza kuona watu wanaongezeka. Kabla hujavutwa na makelele ya maduka ingia Jiangnan Gongyuan, siku hizi ni makumbusho ya mitihani ya kifalme, ile ya kutafuta vyeo vya serikali.

Hapa palikuwa kituo cha mtihani tangu mwaka 1168. Kwenye kilele chake, enzi ya nasaba ya Qing, kulikuwa na vyumba 20,644, chumba kimoja mtu mmoja. Makumbusho yenyewe imechimbwa chini ya ardhi, unashuka kwa mteremko unazunguka, baridi nzuri kama ni Julai. Juu yake umebaki mnara wa Mingyuan, ambako wasimamizi walikuwa wanakaa kuangalia nani anachungulia kwa jirani.

Nenda kwenye vile vyumba vya kuonyeshea, ukae ndani ya kimoja. Miguu hainyooki. Kwenye kuta mbili kuna mifereji ya juu na ya chini na vipande viwili vya mbao: mchana ubao mmoja unauchomeka juu unakuwa meza, mwingine chini unakaa, usiku unaushusha wa juu unaupanga na wa chini, hicho ndo kitanda, unalala umejikunja. Mtihani ulikuwa awamu tatu, kila awamu siku tatu, chakula umebeba mwenyewe, mvua ikinyesha upande wa mbele uko wazi na ole wako karatasi ilowe. Mara moja kila miaka mitatu. Kuna waliorudi mpaka wana mvi. Utafutaji wa majibu nao haukuanza na simu, watu walikuwa wanaandika vitabu vya maandishi madogo kama chawa na kuyajaza hadi kwenye vitambaa vya nguo za ndani. Mfumo wote ulifutwa mwaka 1905.

Nawaambia, ukitoka hapo HSK, ule mtihani wa Kichina wa wageni, inaonekana kama mazoezi ya darasani. Maelezo mengi ni ya Kichina, tumia kamera ya kutafsiri kwenye simu, tenga lisaa na nusu.

Hekalu, maduka, mto

Hekalu la Confucius, yule mwanafalsafa wa kale, ndo Fuzimiao lenyewe, liko hatua chache kutoka hapo. Lilianzishwa mwaka 1034, limeungua na kujengwa mara nyingi, mara ya mwisho lilichomwa 1937 na majengo unayoyaona ni ya miaka ya 1980. Nitasema ukweli wangu, kama bajeti imebana ruka, kiingilio karibu yuan 30, sanamu na kengele, nje panatosha. Kitu cha bure kizuri zaidi kiko ng'ambo ya maji: geuka mgongo kwa hekalu uangalie ukuta mwekundu wenye madragoni mawili ya dhahabu, mrefu kama mita 110. Walifanya kipande cha mto kiwe bwawa la hekalu, na ukuta ule ndo pazia lake la mbele.

Na ukiwa hapo fikiria jiografia yake. Upande huu wa kaskazini vijana maelfu wanafungiwa kwenye vyumba vya mtihani, upande wa pili wa mto, mwendo wa kuvuka daraja tu, zilikuwa nyumba za wanawake waimbaji na wapiga vinanda waliokuwa maarufu China nzima, mpaka leo nyumba inayosemekana ya Li Xiangjun, mmoja wao wa mwisho wa enzi ya Ming, inaonyeshwa. Wazazi walituma mtoto akasome, mtoto anavuka daraja. Haya mambo hayajaanza na sisi.

Maduka: kila kitu utakikuta Taobao (duka la mtandaoni) kwa nusu bei. Kitu kimoja nakuonya, yale mawe ya rangi, yuhuashi, yanauzwa yakiwa ndani ya bakuli la maji yanang'aa kama peremende. Mwambie muuzaji atoe moja majini alikaushe kwa kitambaa uliangalie, mengi yanafifia yanakuwa kokoto tu. Ukilipenda hata likiwa kavu, nunua. Wanaokuita "rafiki rafiki" waambie bu yao (sitaki) kwa tabasamu endelea kutembea. Wazee wa kutoka vijijini watakuomba picha, wengine watapiga bila kuomba, mi nikiombwa nakubali nikiibiwa nageuza uso, hiyo ni juu yako, ila usiache ikuharibie siku.

Sasa muda. Desemba jua linazama saa kumi na moja jioni, Juni linaenda hadi saa moja na robo. Nusu saa kabla uwe umeshafika kando ya maji. Boti zinaondoka gatini palepale mbele ya hekalu, karibu lisaa limoja, kuanzia yuan 80 hivi na usiku bei inapanda. Inafaa? Kama uko na mtu, au mmekuja kikundi, panda ile ya mwisho ya mwanga ili urudi gizani, unakuta taa zinawashwa huku umo ndani, na unapita chini ya madaraja ambako watu wa juu wanakupungia. Kama uko peke yako na hela ya mwezi inahesabika, nenda juu ya daraja la Wende, egemea ukingo wa jiwe, bure kabisa. Taa za njano zinafuata pembe za mapaa, madragoni yale yanawaka, na maji yanakuwa mekundu. Mto wenyewe una kilomita kama 110 hadi unapoingia Yangtze ila hapa ni mwembamba, unaweza ukamrushia mtu wa ng'ambo chungwa. Simu weka upande wa ndani wa ukingo, nimeona ya mtu ikizama.

Kurudi

Metro ya Fuzimiao, laini ya 3, vituo sita hadi Nanjing Kusini, haina kubadilisha. Jioni kwenye mlango wa metro huwa wanazuia watu waingie kwa mafungu, kwa hiyo toka mtoni lisaa limoja na nusu kabla ya treni, siyo dakika 40. Tiketi ya kurudi kata mapema pamoja na ya kwenda: majira ya baridi ya saa moja na nusu au saa mbili usiku inatosha, majira ya joto sogeza hadi saa tatu. Usikate ile ya mwisho kabisa, maana ukifika Hongqiao karibu saa sita usiku metro zimeshafunga na teksi hadi chuoni inaweza kuzidi nauli ya treni yenyewe. Nanjing Kusini ni kubwa mno na lango la kupandia wanalifunga dakika chache kabla treni haijaondoka, kwa hiyo ukishapita ukaguzi nenda moja kwa moja lango lako ndo ukanunue maji.

Hela kwa jumla ukienda na gaotie kote, tiketi za nusu bei za mwanafunzi, metro na chakula, bila boti, iko yuan 400 hadi 500. Ukitumia K kwenda unaokoa kama 90 hivi. Na kama chuoni walikutaka utoe taarifa ya kuondoka, watumie meseji ya kurudi ukiwa bado kwenye treni.